Nafasi za kimataifa vyuoni Uganda: maswali matatu kabla ya kujaza fomu

Mwaka 1963 kijana wa Tanga aliyetaka kusomea udaktari alikuja Makerere. Mwenzake aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na kijana wa Kampala aliyependa sheria aliteremka Dar es Salaam. Kilikuwa chuo kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye matawi katika miji mitatu. Mkuu wake alikuwa Julius Nyerere, ambaye mwenyewe alisomea ualimu Makerere katika miaka ya 1940 kabla ya kuendelea Edinburgh. Mwanafunzi hakuhitaji mkataba wa kubadilishana, wala hakuna aliyemwambia akalinganishe cheti chake kwanza. Mwaka 1970 chuo hicho kiligawanywa kuwa vyuo vitatu vya kitaifa, na kila nchi ikajijengea utaratibu wake wa mitihani, alama, ada na vibali. Mengi yanayomchanganya mwanafunzi wa leo yalianzia hapo.

Siku hizi kila chuo nchini Uganda, kuanzia Makerere hadi Muni kule Arua, kinajitangaza kuwa kinaitazama dunia. Tovuti zimejaa bendera, na vipeperushi vinaorodhesha vyuo rafiki vya Sweden, Norway, China na Marekani. Mwanafunzi anasoma, anasisimka, anapanda ngazi hadi ofisi ya uhusiano wa kimataifa na kuuliza, "Naombaje?" Mara nyingi anatoka na jibu lisilomsaidia. Si kwamba ofisi ni mbovu. Swali lenyewe limebeba mambo mengi mno, kwa sababu nafasi hizi si za aina moja. Ila zote unaweza kuzipima kwa maswali matatu: nani analipa, nani atayatambua masomo utakayoyasoma, na cheti utakachorudi nacho kitakufungulia nini hapa nyumbani. Watu hulikimbilia la kwanza. Kwa maoni yangu la pili ndilo linalopoteza miaka ya watoto wa watu.

Picha ya kupeana mikono haikupi kiti

Vyuo viwili vinapotaka kushirikiana huanza kwa kutia saini hati ya makubaliano. Wakubwa wanapeana mikono, picha inapigwa, habari inawekwa kwenye tovuti. Hati hiyo inasema pande mbili zina nia ya kubadilishana wanafunzi, wahadhiri na utafiti. Kwa kawaida haitaji idadi ya wanafunzi, haitaji fedha, na haimbani mtu kwa lolote. Ndiyo maana chuo kinaweza kuwa na hati nyingi kabatini na bado usipate mwanafunzi aliyesafiri kwa ajili ya hati hizo.

Kinachomfikisha mwanafunzi ni mkataba wa pili, ambao husainiwa baadaye na mara nyingi ni wa kitivo kwa kitivo. Huo ndio unaotaja viti vingapi kwa mwaka na kwa kozi zipi, unaosema ada italipwa chuo cha nyumbani peke yake, unaoeleza nani anatafuta malazi na nani anakata bima. Basi ukifika ofisini, usiulize chuo kina uhusiano na nani. Uliza ni mikataba ipi ina viti mwaka huu, ya kitivo chako, na nani aliyekwenda mara ya mwisho. Huyo aliyekwenda mtafute. Nusu saa naye itakupa mengi ambayo kipeperushi hakina.

Muhula mmoja nje: jedwali lenye safu mbili

Njia inayoeleweka vibaya kuliko zote ni ile ya muhula mmoja wa kubadilishana. Mpango mkubwa unaowagusa wanafunzi wa Uganda hapa ni Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya. Mwanafunzi hubaki wa chuo chake, hulipa ada yake palepale, halipi ada kule anakokwenda, na hupewa nauli pamoja na posho ya kila mwezi. Swali la nani analipa limejibika. Sasa linakuja la pili.

Tuseme ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya kompyuta. Muhula huu hapa nyumbani angesoma hifadhidata, mitandao, uhandisi wa programu, mbinu za utafiti na takwimu. Chuo cha Ulaya kinatoa matatu kati ya hayo, na la nne linafundishwa kwa lugha asiyoijua. Tena vipimo ni tofauti. Uganda huhesabu uniti za masomo kwa saa za darasani: uniti moja ni saa 15 za mhadhara katika muhula, hivyo kozi ya uniti nne ni saa 60 mbele ya mwalimu. Ulaya huhesabu kazi yote ya mwanafunzi, pamoja na saa anazosoma peke yake maktabani: krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, muhula ni krediti 30, mwaka ni 60. Kozi ya krediti sita kule ni kazi ya saa 150 hadi 180. Ukiziweka namba hizi mbili kando kwa kando bila kujua zinahesabu nini, utadhani mmoja anasoma mara tatu ya mwenzake. Wanaweza kuwa wanasoma sawasawa.

Dawa ya hili ni karatasi moja, mkataba wa masomo. Ni jedwali la safu mbili. Kushoto unaandika kozi utakayosoma nje na krediti zake. Kulia unaandika namba na jina la kozi ya nyumbani ambayo hiyo ya nje itachukua nafasi yake. Chini kuna saini tatu: yako, ya chuo chako na ya chuo kinachokupokea. Saini ya chuo chako ndiyo yenye uzito, na inatakiwa ipatikane kabla hujapanda ndege, baada ya mkuu wa idara kukaa na muhtasari wa kila kozi na kusema hii inalingana, hii hailingani. Ukifika ukakuta darasa limejaa au ratiba imegongana, una wiki chache za kubadilisha jedwali, na mabadiliko hayo nayo yanataka saini zilezile.

Nimekutana na vijana waliorudi na alama nzuri kutoka vyuo vya maana, wakafika kwa msajili na kuambiwa kozi walizosoma hazimo kwenye mtaala wao. Muhula mzima ukarudiwa. Walikuwa na barua ya mwaliko, picha za theluji na karatasi ya matokeo. Jedwali la safu mbili halikuwepo, au lilikuwepo na safu ya kulia ilikuwa tupu. Inaniuma kila nikiisikia habari hiyo, kwa sababu ni kazi ya mchana mmoja iliyokosekana.

Kuna na kalenda. Muhula wa kwanza Uganda huanza karibu na Agosti na kwisha Desemba. Huko Ulaya muhula wa vuli unaweza kuanza Septemba au Oktoba na mitihani yake ikaangukia Februari, wakati wenzako hapa wameshaingia madarasani. Mwambie mkuu wa idara mapema, na kibali cha kuchelewa kiwe cha maandishi.

GPA ya 3.8 ni ngapi Ujerumani?

Anayetaka kusoma shahada nzima nje, hasa uzamili, hukutana na kizingiti kingine: alama zake hazisomeki. Makerere na vyuo vingi vya Uganda huandika wastani wa alama, yaani GPA, kwa kipimo cha 5. Daraja la kwanza ni 4.40 hadi 5.00, daraja la pili la juu ni 3.60 hadi 4.39, daraja la pili la chini ni 2.80 hadi 3.59, na chini ya hapo hadi 2.00 ni kufaulu tu. Marekani hutumia kipimo cha 4. Ujerumani kipimo chao kimegeuzwa: 1.0 ndiyo bora kabisa, na 4.0 ndiyo alama ya mwisho ya kufaulu.

Vyuo vingi vya Ujerumani hugeuza alama za nje kwa kanuni inayoitwa ya Bavaria. Unachukua alama ya juu kabisa ya kipimo chako, unatoa alama uliyopata. Unagawanya kwa tofauti ya alama ya juu na alama ya chini ya kufaulu. Unazidisha kwa 3, kisha unaongeza 1. Kwa mwenye 3.8: tano toa 3.8 ni 1.2. Tano toa mbili ni tatu. 1.2 gawanya kwa tatu ni 0.4, mara tatu ni 1.2, ongeza moja unapata 2.2. Kwa kipimo cha Uganda hesabu yote inafupishika: toa GPA yako kutoka 6.

Sasa angalia matokeo yake. Kozi nyingi za uzamili kule huhitaji 2.5 au bora zaidi, na 2.5 yao ni 3.5 yetu. Yaani mwenye daraja la pili la chini, aliyekwishaambiwa mtaani kwamba ndoto ya kusoma nje imekwisha, anaweza kuwa ndani ya mstari. Upande wa Marekani makosa huwa ya aina nyingine: watu huchukua 3.8, hugawanya kwa 5 na kuzidisha kwa 4, hupata 3.04, kisha hujiandikia wenyewe kwenye fomu. Usifanye hivyo. Andika alama yako kama ilivyo, taja kipimo ni cha 5, ambatisha ukurasa wa karatasi ya matokeo unaoeleza madaraja, na waachie wao wageuze. Wakadiriaji wao hupitia kozi moja moja, na mara nyingi jibu lao si lile la hesabu ya haraka.

Ufadhili na masharti yaliyofichika ndani yake

Watu wengi wakisikia ufadhili kamili huona picha moja, kumbe kila mfadhili ana anachokitafuta. Chevening, wa serikali ya Uingereza tangu 1983, hutafuta watu waliokwisha kufanya kazi: unahitaji saa 2,800 za kazi, ambazo ni kama miaka miwili, unachagua kozi tatu za uzamili wa mwaka mmoja, na ukimaliza ni sharti urudi nyumbani ukae miaka miwili. Aliyehitimu juzi anapoteza muda wake kuomba. Erasmus Mundus, ufadhili wa uzamili wa Umoja wa Ulaya, hauna sharti la umri wala la kazi. Hulipa ada na kumpa mwanafunzi euro 1,400 kwa mwezi, ila lazima asome katika nchi zisizopungua mbili na kuhama katikati ya kozi. Mwenye mtoto mchanga atafakari hilo. Fulbright ya Marekani humrudisha mtu nyumbani kwa miaka miwili kabla hajaruhusiwa kuomba viza ya kuhamia au viza fulani za kazi. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ambao mpango wake ulikubaliwa mwaka 1959, huegemea wanaosomea mambo ya maendeleo ya nchi zao.

Hungary hutoa nafasi za shahada ya kwanza na uzamili kwa Uganda kupitia Stipendium Hungaricum, na serikali za China, India na Algeria hufanya hivyo pia kwa makubaliano na serikali ya Uganda. Matangazo yake hupitia Wizara ya Elimu na Michezo, na ushindani wake ni mdogo kuliko wa Uingereza kwa sababu tu watu hawayasomi. Uliza lugha ya kufundishia kabla ya yote. Mwaka wa kwanza unaweza kwisha wote katika kujifunza lugha.

Kwa anayejilipia, Ujerumani huvutia kwa sababu vyuo vya umma havitozi ada, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg ambalo tangu 2017 huwatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, pamoja na vyuo vichache vingine. Lakini elimu isiyo na ada si elimu isiyo na gharama. Ili upate viza unatakiwa uonyeshe akaunti iliyofungwa yenye matumizi ya mwaka mzima, na kiwango kilichowekwa mwaka 2024 ni euro 11,904, ambazo hutolewa 992 kila mwezi. Familia ya Masaka au Mbale inauza shamba kwa fedha hizo. Wazazi waelezwe hivyo tangu siku ya kwanza, wasije kuambiwa baada ya barua ya kukubaliwa kufika na furaha kutanda nyumba nzima.

Kuna na gharama ndogondogo zinazowaangusha watu wakiwa wamekaribia kufika. Pasipoti ya kawaida ya Afrika Mashariki hapa Uganda ni shilingi 250,000. Mtihani wa Kiingereza unazidi dola 200, ingawa vyuo vingi hukubali barua ya msajili inayothibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza. Omba barua hiyo kwanza kabla ya kulipia mtihani. Finland haina ubalozi Kampala, hivyo aliyepata nafasi Helsinki au Tampere hupanda basi la usiku kupitia Busia au Malaba hadi Nairobi ili kuthibitisha utambulisho wake. Tangu 2014 safari hiyo ya mpakani inawezekana kwa kitambulisho cha taifa, na hiyo ni nafuu, lakini nauli na malazi ni vya mwombaji. Na kwa wenye ndoa: Uingereza tangu Januari 2024 hairuhusu mwanafunzi wa uzamili wa kawaida kuja na mke, mume au watoto, waliobaki na ruhusa hiyo ni hasa wanaosoma shahada za utafiti.

Dunia iliyokuja Mulago

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapopita bila kuangalia. Kwa miaka mingi sayansi ya dunia imekuwa ikifanyika Uganda. Taasisi ya utafiti wa virusi iliyoko Entebbe ilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano, na mwaka 1947 watafiti wake walikitambua kirusi cha Zika katika msitu wa Ziika, kando ya barabara ya Entebbe. Denis Burkitt aliueleza ulimwengu uvimbe wa saratani unaobeba jina lake mwaka 1958, baada ya kuwachunguza watoto waliolazwa Mulago, hospitali kuu ya Kampala. Mwaka 1999 utafiti wa Makerere na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani uliofanyika Kampala ulionyesha kwamba dozi moja ya nevirapine kwa mama na moja kwa mtoto inapunguza karibu nusu ya maambukizi ya VVU kwa watoto, ikilinganishwa na dawa iliyokuwa ikitumika. Rakai kuna mradi ambao umewafuatilia wananchi wa vijijini tangu 1988.

Maana yake kwa mwanafunzi ni nini? Msaidizi wa utafiti katika miradi ya namna hii anafanya kazi chini ya itifaki zinazosomwa London na Baltimore, anahudhuria vikao na wataalamu wa nchi tano, na jina lake linaweza kuingia kwenye makala ya jarida. Akiomba uzamivu baadaye, barua yake ya mapendekezo inaandikwa na mtu ambaye kamati ya chuo cha nje inamfahamu kwa kazi zake. Hakuhitaji viza kwa lolote katika hayo. Njia ya kuingia ni ya kawaida kabisa: mhadhiri wako anasimamia mradi gani, anahitaji nani wa kuingiza takwimu au kuhoji watu kwa Luganda, Runyankole au Kiswahili, na je, tasnifu yako ya mwaka wa mwisho inaweza kuwa kipande cha kazi hiyo?

Uzamivu wa vipindi viwili nao umetoka katika ushirikiano wa aina hii. Sweden na Makerere walianza wao mwaka 2000: mhadhiri kijana anaandikishwa, anapata msimamizi hapa na mwingine Sweden, anakwenda miezi kadhaa kwa mwaka kutumia maabara na maktaba za kule, kisha anarudi kukusanya data nyumbani na kufundisha. Faida yake ni kwamba mtu hang'oki. Waliosoma hivyo wengi wamebaki vyuoni, na naona hakuna mpango uliokijenga chuo kutoka ndani kuliko huo.

Ila tuseme na upande wa pili. Fedha za miradi hii zinatoka kwa wengine. Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, mwaka 2025, miradi mingi ya afya iliyokuwa ikiwalipa vijana mishahara ilisimama. Na katika wodi za Mulago au Mbarara utawakuta wanafunzi wa udaktari kutoka Ulaya na Amerika wakija kwa wiki kadhaa za mazoezi, wengi kuliko wa kwetu wanaopelekwa kwao. Chuo kinachosaini mkataba wa kupokea kina haki, na naamini kina wajibu, wa kudai viti vya kupeleka.

Jirani aliyesahaulika

Nafasi iliyo karibu kuliko zote ndiyo inayoulizwa kwa nadra. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, IUCEA, lina makao yake hapa Kampala. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliitangaza kanda yao kuwa eneo moja la elimu ya juu, maana yake sifa za nchi moja zitambulike nchi nyingine na mwanafunzi ahame bila kuanza upya. Kutangaza kumefanyika, utekelezaji unakwenda kwa mwendo wa kila nchi.

Fedha pia zimekuwepo. Baraza hilo limesimamia ufadhili wa uzamili uliotoka Ujerumani kupitia benki ya KfW, ambao ulimtaka mwanafunzi asome katika nchi ya Jumuiya isiyo yake. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi, hulipia watu wasome uzamili na uzamivu ndani ya kanda badala ya kwenda Ujerumani. RUFORUM, mtandao wa vyuo vya kilimo wenye ofisi zake Makerere, ulianza na vyuo kumi mwaka 2004 na sasa umetapakaa Afrika nzima. Na Benki ya Dunia ilipoanzisha vituo vya ubora mashariki na kusini mwa Afrika mwaka 2016, Uganda ilipata vinne: viwili Makerere, cha uboreshaji wa mazao na cha teknolojia ya vitu vidogo sana, kimoja Mbarara cha dawa za asili, kimoja Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda, Nkozi, cha kilimo cha ikolojia. Vituo hivyo vililazimika kuchukua wanafunzi wa nchi nyingine, kwa hiyo mtu wa Nkozi amekaa darasa moja na Mkenya, Mmalawi na Mwethiopia bila kutoka wilayani Mpigi.

Kwa wasomaji wa Tanzania na Kenya wanaokuja Kansanga, Wandegeya au Ishaka, swali la kutambuliwa lina sura mbili. Kuingia: mwenye cheti cha kidato cha sita cha Tanzania analingana vizuri na mfumo wa Uganda, lakini mwenye KCSE, cheti cha sekondari cha Kenya ambako mfumo huo hauna kidato cha tano na sita, mara nyingi huhesabiwa kuwa hajafika kiwango hicho na hutakiwa apitie mwaka wa masomo ya kuunganisha. Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB, ndilo linalolinganisha vyeti vya sekondari; vya juu zaidi ni kazi ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Kurudi: Mtanzania anatakiwa awe na cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kabla ya kuondoka nyumbani, na Mkenya atahitaji utambuzi wa cheti chake kwao. Kiulize kwanza chombo hicho cha kwenu kuhusu kozi yenyewe, usiishie kuuliza kuhusu chuo. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali na kozi moja ikawa imemaliza muda wa idhini.

Kiswahili nacho ni mtaji hapa. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, mwaka uleule Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi, na walimu hawatoshi. Kipo pia kitengo cha Fulbright kinachowapeleka vijana kufundisha lugha zao katika vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazohitajika.

Wanaouza ndoto

Mfadhili wa kweli hamtozi mwombaji ada ya ufadhili. Chuo kinaweza kutoza ada ya maombi, ubalozi hutoza ya viza, lakini anayetaka milioni mbili kwa simu ili "akushikie nafasi" ni mwizi. Tena kuna hatari iliyozidi pesa. Mwaka 2024 shirika la habari la AP liliripoti kwamba wasichana wa Kiafrika, wakiwemo wa Uganda, walivutwa na matangazo ya mtandaoni ya mpango wa kazi na masomo Urusi, wakajikuta wakiunganisha ndege za kivita zisizo na rubani katika kiwanda cha Tatarstan. Tangazo lilikuwa na tiketi ya bure, mshahara na masomo. Halikuwa na jina la shahada wala la chuo kitakachoitoa. Ukiona nafasi ya masomo isiyosema utahitimu nini, simama hapo.

Ukirudi, na ukihesabu kurudi nyuma

Fani nyingine hazijali cheti kilitoka wapi. Fani nyingine zina mlinzi mlangoni. Daktari aliyesomea nje hupitia Baraza la Madaktari na mtihani wake kabla ya kupata leseni Uganda. Aliyesoma sheria nje lazima shahada yake itambuliwe kabla ya kuomba Kituo cha Maendeleo ya Sheria, LDC, ambako kila wakili hupita. Wahandisi, wahasibu, wasanifu majengo na madaktari wa mifugo wana makubaliano ya kutambuana ndani ya Afrika Mashariki, wanasheria bado. Anayesomea fani yenye mlinzi aende akamwone huyo mlinzi kabla ya safari, aulize orodha ya masharti, aiweke mfukoni.

Na anayetaka kuwa darasani Ulaya Septemba ya mwaka ujao anaanzia sasa. Maombi mengi ya Erasmus Mundus hufungwa kati ya Oktoba na Januari, na ya Chevening hufungwa mapema katika kipindi hichohicho. Hiyo inamaanisha karatasi ya matokeo iwe imetoka kwa msajili kufikia Septemba, na kila aliyewahi kufuatilia karatasi hiyo anajua haitoki kwa siku moja. Pasipoti iombwe mwezi wa sita au wa saba. Wahadhiri wawili watakaokuandikia barua waambiwe mwezi wa nane, wapewe wasifu wako, maelezo ya kozi na tarehe ya mwisho, halafu wakumbushwe kwa adabu wiki mbili kabla.